Kushuka Pwani Pamoja na Kambo

Wengi kati yetu hapa Likasi, Kolwezi ao Kipushi hatujaona bahari. Tunajua mashimo, tunajua kamioni ya mawe, tunajua ziwa Tshangalele na mitumbwi ya wavuvi wake. Kwa hiyo, wakati kaka yangu mukubwa, yaya wetu mwenye anaishi Liège, katika inchi ya Ubelgiji, alipiga simu na kusema kama yeye na bibi yake waliweka feza miaka mitatu kusudi jamaa ipande meli kubwa siku saba juu ya Bahari ya Mediterania, sisi wote tulishangilia. Mutu mumoja tu alinyamaza: mama yetu, mwenye watoto wanamuita Kambo. Alikuwa na miaka 74.

Kisha akauliza neno moja: «Ile mashua itapita kule ya Paulo ilivunjikiaka?»

Baba yetu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines kule Shituru, na siku ya Yenga alikuwa mufundishaji wa kanisa. Katika Biblia yote, sura ya 27 ya Matendo ya Mitume ndiyo alipenda kupita zote. Mangaribi, kisha kula bukari, alikuwa anachora chini na kijiti: hapa Krete, hapa upepo mukali, hapa Malta. Alikufa mwaka wa 2009 bila kuona bahari. Mama alisikia ile habari kwa kinywa chake labda mara mia. «Kama haipite kule,» akasema, «mubakie na tikiti yenu. Chakula iko hata hapa.»

Yaya akatafuta, akapata meli yenye njia yake ilipita karibu kabisa. Inatoka Genova, inapita Napoli na Messina katika inchi ya Italia, kisha Valletta kule Malta, kisha siku moja ya bahari tupu, kisha Barcelona, Marseille, na kurudi Genova. Paulo alitoka Malta, akapita Sirakusa na Regio, akafika Puteoli, yenye inaitwa leo Pozzuoli, karibu na Napoli. Kumbe sisi tungemufuata kinyumenyume! Mama akakubali. Tukasafiri mwezi wa tano 2024, watu saba: Kambo, mimi, yaya na bibi yake, na watoto wao watatu: kijana wa miaka 17, binti wa miaka 14, na mudogo wa miaka 6.

Leo ninataka kuwaambia namna tulipanga zile siku za kushuka pwani, fasi tuliharibu, na fasi tulijifunza.

KAZI INAANZIA NYUMBANI

Jambo la kwanza ni viza. Italia, Malta, Hispania na Ufaransa zote ziko ndani ya mapatano ya Schengen, kwa hiyo viza moja ilitosha mama na mimi, wenye pasipoti ya Kongo. Lakini mufungue macho. Kuko meli zenye zinagusa Tunis ao bandari za Uturuki katikati ya safari. Ukitoka inje ya Schengen na viza ya kuingia mara moja, ile viza imekwisha, na hauwezi kurudi ndani nayo. Lazima kuomba viza ya kuingia mara nyingi, na pengine kuomba viza ya ile inchi ingine. Njo maana mutazame njia ya meli mbele ya kutazama bei ya tikiti.

Jambo la pili ni masaa. Meli inafika asubuhi na kuondoka mangaribi. Kwenye karatasi mutu anaona masaa tisa ao kumi, anafurahi. Lakini utoe saa moja ya kungoja mustari wa kushuka. Utoe saa ingine ya kurudi mapema, kwa sababu mulango unafungwa nusu saa, pengine saa moja, mbele ya meli kuondoka. Utoe wakati wa kula na wa kukojolesha mutoto. Yenye inabakia ni masaa tano ao sita.

Jambo la tatu ni namna ya kutembea. Kuko njia mbili. Ya kwanza ni kununua matembezi ndani ya meli yenyewe: wanakupatia bisi na kiongozi, na kama ile bisi inachelewa, wakubwa wa meli wanajua muko wapi na ni wao wenye kuangalia namna ya kuwarudisha. Lakini inalipwa feza mingi, na bei ya mutu mumoja mara saba ni muzigo. Njia ya pili ni kutembea peke yenu kwa treni, kwa bisi ao kwa miguu. Inapunguza feza sana, lakini ukichelewa, meli haingoje. Utaifuata kwenye bandari yenye inafuata, kwa feza yako mwenyewe.

Yaya ni mutu wa hesabu. Aliandika kila kitu katika kaye moja. Napoli: Pompei asubuhi, Pozzuoli muchana, yote kwa treni. Asubuhi ile, tukiwa tungali kwenye meza ya chai, Kambo alisema polepole: «Mambo mbili kwa siku moja, ni mingi.» Sisi tukacheka. Tulifanya sawa ule kapiteni wa Matendo mwenye hakusikia shauri la Paulo.

NAPOLI: TULITAKA YOTE

Bandari ya Napoli iko katikati ya muji. Unashuka meli, na muji uko mbele yako. Treni ya kwenda Pompei inachukua zaidi kidogo ya nusu saa.

Pompei ni muji wenye ulifunikwa na majivu na mawe ya mulima Vesuvio katika mwaka wa 79, kisha Paulo kupita karibu na fasi ile. Barabara zingali pale. Ungali unaona alama ya magurudumu ndani ya mawe, na majiko ya kuoka mukate pamoja na mawe makubwa ya kusagia ngano. Katika mwaka wa 1863, mwenye kusimamia kazi ya kufukua, Giuseppe Fiorelli, alimimina plasta katika mashimo yenye miili ya watu iliacha ndani ya majivu, na sura zao zikaonekana: mumoja amejifunika uso, mungine amelala chini. Kijana wetu wa miaka 17, mwenye alikuwa anatazama telefone tangu Genova, aliiweka mufukoni. Sisi watu wa mashimo tunajua habari ya udongo kufunika watu. Mama alisimama pale, akaomba kwa kimya.

Lakini Pompei ni kubwa sana, na mawe yake yanapanda na kushuka. Kwa saa mbili magoti ya Kambo yalikuwa yamevimba. Tulirudi polepole kwenye stasio. Treni ikaja imejaa, na katikati ya njia ikasimama. Dakika kumi. Dakika makumi mbili. Hakuna mutu mwenye alitueleza kitu. Tulibakia pale karibu dakika 50, mudogo analia kiu, yaya anatazama saa, bibi yake anamutazama yaya. Meli ilipaswa kuondoka saa 18.00, na mulango kufungwa saa 17.30. Tulipofika Napoli tulikamata taksi mbili bila kuuliza bei. Tulipita mulango saa 17.24.

Pozzuoli hatukuiona. Fasi Paulo alikanyaga inchi ya Italia, akapata ndugu na kukaa nao siku saba, ilibakia nyuma yetu na taa zake. Mama alisimama kwenye dirisha, akanyamaza.

NENO LA KAMBO

Ile usiku, ndani ya chumba, maneno yakatoka. Bibi ya yaya alisema kama ni kosa la kutaka kupunguza feza. Yaya akajibu kama ni kosa la wenye kupiga foto kila kona. Binti alisema kama yeye hataki tena kushuka na watu wengi vile. Mimi nilikasirika juu ya mama, nikasema maneno yenye sitaandika hapa.

Kambo akapiga mukono juu ya kitanda. «Munyamaze. Weye yaya, haukumbuke tena baba yenu alisomaka nini? Ile mashua ilivunjika. Benye kujua kuogelea baliambiwa batangulie kuruka mu mayi. Bengine bakakamata mbao. Njia ilikuwa mbili, lakini boote balifika. Sasa siye, juu ya nini tunaruka wote pamoja sawa vile wote tunajua kuogelea? Miye niko mutu wa mbao. Na huyu mutoto pia. Mutupatie mbao yetu, na nyinyi benye nguvu muogelee.»

Hakuna mwenye alijibu. Kisha kijana akaanza kucheka, na sisi wote tukacheka. Yaya akapasua ukurasa wa kaye. Tukaandika upya, na kanuni zilikuwa tatu. Kila bandari, jambo moja tu kubwa. Watu wenye nguvu na watu wa mbao wanaweza kuachana njia, lakini wanakutana fasi moja, saa moja, yenye imeandikwa. Na usiku, kwenye meza ya chakula, kila mumoja anaeleza wengine yenye aliona.

MESSINA: SIKU YA BENCHI

Messina iko karibu na meli: kwa miguu, dakika kumi, unafika kwenye kanisa kubwa. Muji uliangushwa na tetemeko la inchi tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka wa 1908, na karibu kila kitu kilijengwa upya kisha pale. Kwenye munara wa kengele ya lile kanisa kuko saa ya ajabu yenye iliwekwa mwaka wa 1933. Katikati ya muchana simba ya shaba nyeusi inanguruma, jogoo inawika, na sanamu zinazunguka. Mudogo wetu alipiga mikono mpaka watu wakamutazama. Hatukulipa hata senti.

Kisha vijana wakapanda juu kwenye kilima, na mama na mimi tukaketi kwenye benchi ya pwani. Mbele yetu ilikuwa maji, na ngambo ya maji inchi ya Kalabria, karibu kabisa. Muji wa Reggio uko upande ule. Ndiyo Regio yenye Paulo alipita. Pozzuoli tuliipoteza, lakini Regio tuliiona kwa macho, kwenye benchi, na mukate mukononi. Mama akasema: «Ona, bila kukimbia.»

MALTA

Mwenye atapita Malta kwa meli aamuke mapema. Meli inaingia kati ya kuta kubwa za mawe ya rangi ya asali. Muji wa Valletta ulianzishwa mwaka wa 1566, kisha vita kubwa ya mwaka wa 1565, na uko juu kabisa ya bandari. Wazee wasiogope zile ngazi: tangu mwaka wa 2012 kuko asansere karibu na pwani yenye inapandisha watu karibu metre 58 mpaka kwenye bustani ya juu.

Tukaachana. Yaya, bibi yake na vijana wawili walipanda Valletta. Kule waliona kanisa la Mutakatifu Yoane, ndani yake picha kubwa ya Caravaggio ya mwaka wa 1608 yenye kuonyesha kuchinjwa kwa Yoane Mubatizaji. Walisikia pia muzinga wenye unapigwa katikati ya muchana. Mimi, Kambo na mudogo tulikamata taksi ya kwenda kwenye guba ya Mutakatifu Paulo, upande wa kaskazini. Ile mara tuliuliza bei mbele ya kupanda, ya kwenda, ya kungoja na ya kurudi, na tukaiandika kwenye karatasi.

Mwenye kuendesha alikuwa muzee wa makamo. Luga ya Malta ni ndugu ya Kiarabu, ijapokuwa watu wake ni Wakristo na wanaiandika na herufi zetu. Mudogo alimuuliza anahesabu namna gani. Akahesabu kwa vidole, na alipofika kwenye kidole cha sita akasema «sitta». Kambo akaruka kwenye kiti: «Sita! Anasema sita sawa siye!» Muzee hakusikia Kiswahili hata kidogo, lakini walihesabu pamoja mara mbili, na kila mara kwenye sita walicheka. Matendo inasema kama watu wa kile kisiwa waliwapokea wageni vizuri na kuwawashia moto, sababu ya mvua na baridi. Ninaamini.

Guba ile ina mawe pembeni, na mbele yake kuko kisiwa kidogo. Juu yake kunasimama sanamu ya Paulo. Mapokeo ya watu wa Malta inasema ni pale mashua ilivunjika. Mama alisimama muda murefu.

«Ni karibu vile?» akauliza.

«Ndiyo, mama.»

«Baba yenu alichoraka mbali. Alichora mayi mingi, mingi.» Akanyamaza tena. «Na bale batu balikuwa ngapi?»

Mudogo, mwenye alisikia ile hesabu ndani ya taksi, akajibu: «276, Kambo.»

«Na wote balifika?»

«Wote.»

Akashika mukono wangu, akatoa viatu, akashuka mawe mawili, akaingiza miguu ndani ya maji. Alilia kidogo. Kisha akasema maji ni baridi, tuende. Tulikaa pale nusu saa tu. Saa 14.00 tulikuwa kwenye bustani ya Valletta, na wengine walikuwa wanatungoja.

BARCELONA NA MARSEILLE

Barcelona tulinunua mbele, kwa telefone, tikiti za kuingia kanisa la Sagrada Família, zenye zinaandikwa saa ya kuingia. Ukifika bila tikiti unaweza kupoteza siku. Lile kanisa lilianza kujengwa mwaka wa 1882. Antoni Gaudí alilikamata mwaka wa 1883 na kulifanyia kazi mpaka kufa kwake mwaka wa 1926, na kazi haijamalizika. Ndani, nguzo ni sawa miti ya pori, na mwangaza unaingia kijani, buluu na nyekundu. Kambo alitazama juu, akasema: «Basi kanisa yetu ya kartye isisikie haya. Tuko na miaka kumi na moja tu na haina paa.»

Marseille, Kambo hakushuka. Alikaa juu ya meli na kikombe cha chai. Na hiyo pia ni mupango muzuri: bandari moja ya kupumuzika. Tena meli kubwa zinafunga mbali na katikati ya ule muji. Lazima kukamata bisi. Vijana walipanda mpaka kanisa la Notre-Dame de la Garde, juu ya kilima, na usiku walimuonyesha Kambo foto: mashua ndogondogo zimetundikwa ndani ya kanisa, zenye watu wa bahari walileta kwa kushukuru. Alizitazama moja moja. Kwa mara ya kwanza ni binti wa miaka 14 mwenye alisema sana kwenye meza.

MASHAURI KWA JAMAA

1. Mupange kila siku kwa mwendo wa mutu mwenye anatembea polepole, ao muachane njia na kukutana.
2. Bandari moja, jambo moja kubwa. Yenye inabakia ni zawadi.
3. Muulize kwanza meli inafunga wapi. Kama ni katikati ya muji, muende kwa miguu. Kama fasi ya kuona ni mbali na muko na wazee, mununue matembezi ya meli, hata kama inalipwa zaidi.
4. Mufuate saa ya meli. Inchi zingine, sawa Ugiriki, saa yake inapita ya Italia.
5. Kila mutu achukue kadi yake ya meli, kopi ya pasipoti, na karatasi ya siku yenye namba ya simu ya watu wa meli pale bandarini. Na muwe kwenye mulango saa moja mbele.
6. Ndani ya makanisa mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja ndani ya mufuko kinatosha.
7. Katika fasi za kale za serkali ya Italia, watoto chini ya miaka 18 hawalipe. Lakini Pompei, tangu mwezi wa 11 mwaka wa 2024, hawaruhusu watu kupita 20,000 kwa siku, na tikiti inaandikwa jina. Mununue mapema.

Musomaji mupenzi, labda hautapanda meli ile hata siku moja. Lakini mwezi wa sita vijana wa kwaya wetu watapanda kamioni kwenda kuona maanguko ya Lofoi kule Kundelungu, na katika mukutano wa kutengeneza nilisikia wanapanga mambo manne kwa siku moja, na mama wa kwaya wawili wenye miguu ya kuuma wameambiwa wabakie nyumbani. Niliinua mukono. Niliwaambia habari ya mbao. Wamepunguza mambo mpaka moja, na wale mama wawili watakwenda.

Kambo yuko nyumbani, Likasi. Mangaribi wajukuu wanamuomba habari ya Paulo, na yeye anachora chini na kijiti sawa vile muzee alichora. Lakini sasa anaweka kile kisiwa karibu kabisa na pwani.